Chama Kilichoomba Kufa

Saa tatu na dakika ishirini asubuhi ya Jumatatu, tarehe 16 Juni, kabati la ofisi ya Chama cha Waajiri Wenye Mashine za Mpunga lilifunguliwa pale Ubaruku, na daftari la mihtasari halikuwamo. Kufuli lilikuwa zima. Rafu ya juu ilikuwa na mafaili saba yamesimama kwa mpangilio, rafu ya chini ilikuwa na chupa ya chai na majani ya chai, na katikati, mahali daftari lilipolala kwa miaka kumi na miwili, ilibaki alama ya mstatili usio na vumbi.

"Lilikuwa hapa," alisema Esnath, karani wa chama, akishika kichwa. "Mama, naapa, Ijumaa lilikuwa hapa hapa."

Tupokigwe alilitazama lile pengo. Alikuwa afisa kazi wa Mbeya, mwaka wa ishirini na mbili kazini. Leo ameamka saa kumi na moja, amebadili magari mawili, goti la kulia linamuuma, na safari yote hiyo ilikuwa kwa ajili ya daftari moja tu. Angeliona, angesoma ukurasa mmoja, angegeuza. "Ee Kyala, Mungu wangu," alisema mwishowe, akavuta kiti.

Shauri lenyewe lilimkera tangu lilipofika mezani kwake. Wiki iliyopita chama hiki kilikuwa kimemwandikia Msajili barua ya kuomba usajili wake ufutwe. Vyama vingine humlilia Msajili asivifute. Hiki kilikuwa kinajipeleka chenyewe. Sheria inaruhusu, mradi wanachama wawe wamekaa kikao na kupiga kura. Barua ilikuwa na sahihi ya katibu, Ezekia, na muhuri. Nyuma yake kulikuwa na muhtasari uliopigwa chapa: kikao cha Jumamosi tarehe 7 Juni, saa nne asubuhi, kikiongozwa na katibu kwa kuwa mwenyekiti alikuwa na udhuru. Halafu karatasi ya sahihi tisa kati ya wanachama kumi na watatu. Ila kila kitu kilikuwa nakala ya kivuli, na kazi ya Tupokigwe ilikuwa kuona chenyewe, ndani ya daftari. Na daftari hilo si la kuchezea. Kurasa zake zilipigwa namba na muhuri wa Msajili, moja hadi mia mbili, kwa hiyo huwezi kuchomeka ukurasa wala kuuchana bila kujulikana.

"Funguo za kabati ziko ngapi?"

"Tatu. Mimi, mwenyekiti na katibu."

"Wako unakaa wapi?"

Esnath akainamisha macho. "Kwenye droo. Nikienda kuchukua chapati ninauacha."

"Na nani anajua?"

"Wote wanajua, mama. Wanachama wanakuja kunywa chai."

Tupokigwe aliandika. Ukutani, juu ya kichwa cha karani, palikuwa na ubao wenye misumari kumi na mitatu, na kwenye kila msumari ulining'inia ufunguo wenye kibati cha jina. Aliuliza ni za nini.

"Za akiba za maghala. Vumbi la pumba linashika moto haraka, kwa hiyo kila mwanachama anaacha mmoja hapa, ghala likiwaka na mwenyewe hayupo."

Hakuna ufunguo uliopungua. Alizihesabu mara mbili, hivyo hivyo kwa hasira.

Mlangoni alikuwa amesimama mwanamke wa miaka kama thelathini, kitenge kimefungwa begani kuficha mkono wa kushoto uliokomea chini kidogo ya kiwiko. Alikuwa na bahasha kwapani. Tupokigwe alimfahamu kwa faili kabla ya kumfahamu kwa sura. Huyu ndiye Ng'washi, aliyekuwa akifagia na kushona magunia kwenye mashine ya Shigela, mpaka tarehe 28 Aprili mkanda wa mashine ulipomkamata.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Kesi yako si Alhamisi?"

"Alhamisi saa nne, Mbeya, kwa msuluhishi. Nimeambiwa chama kije na ripoti ya ukaguzi wa mashine. Nimekuja kuuliza kama ipo." Akaangalia kabati lililo wazi. "Ipo?"

"Imebandikwa kwenye daftari," alisema Esnath kwa sauti ndogo.

Hapo Tupokigwe akaona jambo lenyewe lilivyo, na goti likazidi kuuma. Chama kilikuwa kimefunga mkataba wa hali bora na wafanyakazi, na kifungu cha tisa kilisema anayeumia kazini apewe kazi anayoiweza kwenye mashine yoyote ya mwanachama. Mkataba ulisainiwa na chama, si na mwenye mashine mmoja mmoja. Chama kikifutwa Jumatano, siku ambayo Msajili alitaka majibu, Alhamisi Ng'washi atasimama mbele ya msuluhishi akimdai mtu asiyekuwepo.

"Unaomba kazi gani?"

"Ya kuhesabu magunia. Kuhesabu hakutaki mikono miwili. Baba mkwe amesema nisipopata kazi nirudishwe kwetu Shinyanga, mke wa mkono mmoja hapandi mpunga." Alisema hivyo bila kulia, kama mtu anayesoma ratiba ya basi. "Watoto anabaki nao yeye."

*

Mwenyekiti wa chama alikuwa Mzee Sedekia, umri miaka sitini na sita, mzee wa kanisa, mtu aliyekianzisha chama hiki kwa miguu yake, mashine hadi mashine. Saa nne na nusu Tupokigwe alimkuta kwenye mashine yake, tabaka la vumbi likiwa limemtua mabegani juu ya koti la kaki. Alipoambiwa daftari limeibwa, akakaa juu ya gunia taratibu.

"Tarehe 7 mzee ulikuwa wapi?"

"Mbeya, dada. Mjukuu wangu alibatizwa. Niliporudi nikaambiwa katibu ameitisha kikao, wamepiga kura, basi." Akafuta macho kwa kiganja. "Nimekilea chama hiki kama mtoto. Lakini walio wengi wameamua. Mimi ni nani niwazuie?"

"Katibu amekueleza kwa nini?"

"Ezekia yuko Iringa siku hizi, mkewe anaumwa. Hatujaongea vizuri."

Wakati anasema hivyo jicho lake lilikuwa limekwenda pembeni, kwa kijana wake wa kazi aliyekuwa akifunga gunia la mchele. Sedekia akashindwa kuvumilia. Akainuka, akachomoa sindano ya magunia aliyoiweka chini ya ukosi wa koti, akamsogeza kijana kwa kiwiko. "Huo ni mshono au mtego wa panya? Tazama. Sisi shamba la serikali tulifundishwa hivi: piga mbili, ya tatu rudi. Msimamizi alikuwa anavuta kwa mikono yake. Likifunguka, unashona kumi mengine." Vidole vyake vilikwenda haraka mpaka sikio la pili la gunia, akazungusha uzi mara tatu, akauchomeka ndani usionekane. "Kwenye mashine zote hizi nimebaki peke yangu. Wenzangu wameshalala makaburini."

Tupokigwe aliyekuja kuuliza habari za daftari hakuwa na hamu ya kufundishwa ushonaji. Aliaga, akaondoka na kichwa kizito.

Hadi saa nane alikuwa amewafikia sita kati ya wale tisa. Majibu yao yalimchosha kuliko jua.

"Sahihi hii ni yako?"

"Ni yangu."

"Kwa hiyo ulihudhuria kikao."

"Kikao gani?"

"Cha kufuta chama!"

"Ah, hapana. Mimi nilisaini ya barabara. Tunaomba ichongwe, malori yanakwama."

"Karatasi iliandikwa nini juu?"

"Juu ilikuwa imekunjwa. Ililetwa na mtu wa pikipiki, akasema imetoka ofisini."

Wote sita, mmoja baada ya mwingine, walisaini bila kukunjua. Wa mwisho alimwuliza kwa upole kama barabara itachongwa lini. Esnath alipoulizwa alisema yeye hakutuma pikipiki yoyote.

Kisha akaenda kwa Shigela, ambaye jina lake halikuwa kwenye karatasi. Alimkuta amekaa mbele ya mashine yake iliyofungwa kwa amri ya serikali tangu siku ya pili ya ajali. Jamaa wa mwili mkubwa, wazazi wake walishuka Usangu na ng'ombe akiwa mtoto, na sauti yake bado ilikuwa ya kuita mifugo ng'ambo ya mto.

"Mayu, hii chama mimi siitaki!" alisema kabla hajaulizwa. "Sijawahi kuitaka! Andika!"

"Kwa hiyo ni wewe uliyetaka kifutwe."

"Ningesaini na mikono miwili! Lakini hakuna mtu ameniletea karatasi. Watu wanaizika chama, mimi niliyeichukia miaka yote hawaniiti hata kwenye mazishi. Huo ni uungwana?"

"Karani anasema Ijumaa ulikuwa ofisini, ukafoka."

"Nilifoka, ndiyo. Msimu huu, mpunga umejaa, mimi mashine yangu imelala! Mwezi wa nne nao ililala. Tarehe nane mota ilienda Mbeya kusukwa, imerudi tarehe ishirini, fundi ameifunga na kifuniko cha mkanda amekiacha huko huko. Wiki moja tu, yule mama akaumia. Hilo ni langu, sikatai. Lakini kazi ya kumpa sina, mashine yenyewe sina."

Tupokigwe akafunga kijitabu chake. Shigela akamfuata mpaka barabarani. "Basi hata pumba zangu niuze, mayu! Magunia arobaini yamo ghalani tangu Aprili. Umenifungia mashine, umenifungia na pumba?"

"Nimefunga mashine tu. Nenda kauze pumba zako, baba, uniache nipumue."

*

Jumanne alitoka saa kumi na mbili asubuhi kwenda Iringa. Walipofika Nyololo, baridi imeshika vioo, simu yake ikalia. Alikuwa bosi wake.

"Mama, hilo jambo la Ubaruku limefikia wapi? Msajili anataka majibu kesho saa tisa alasiri."

"Daftari limeibwa, bosi. Wanachama hawajui walichosaini."

"Lakini chama chenyewe kimeomba kufa, wewe unakishikia nini? Mwenyekiti wao yuko hapa mbele yangu, mzee wa watu, amepanda gari mwenyewe kuja kufuatilia. Anasema tusiwachoshe."

"Mzee Sedekia? Yuko Mbeya?"

"Yuko hapa. Anakusalimia."

Tupokigwe alikata simu akiwa na hasira na bosi, na hasira hiyo ndiyo iliyomchelewesha kuona. Walikuwa wamepita Mafinga ndipo akajiuliza: mtu aliyelia jana kwa kufiwa na chama, leo amepanda gari kwenda kuharakisha mazishi?

Alimpata Ezekia hospitali ya Tosamaganga saa sita kasoro robo, nje ya wodi, anaanika nguo za mkewe. Mtu mwembamba, macho yamekosa usingizi.

"Kamwene, mama."

"Kamwene. Tangu lini uko hapa?"

"Tarehe mbili Juni. Sijatoka. Nakula hapa, nalala hapa. Waulize akina mama wote wa kwenye kamba hii ya nguo."

"Basi tarehe 7 saa nne umeongozaje kikao Ubaruku?"

Alimpa barua. Ezekia aliisoma mara ya kwanza amesimama na mara ya pili amekaa chini kwenye nyasi. "Sahihi ni yangu," alisema. "Barua si yangu."

"Msinichezee jamani. Jana nimeyasikia hayo mara sita."

"Mama, nisikilize. Nilipokuwa naondoka sikujua nitarudi lini. Nikasaini karatasi tano tupu zenye kichwa cha chama, barua zisikwame. Tunafanya hivyo kila katibu anaposafiri."

"Karatasi tupu! Na muhuri?"

"Na muhuri," alikiri, uso umemsawajika.

Tupokigwe alitamani kumpiga na ndoo. Miaka ishirini na miwili amewafundisha watu hawa taratibu. "Uliziacha wapi?"

"Kabatini, ndani ya faili la barua. Karani hakujua, nilimwambia mwenyekiti tu, kwa simu. Lakini kabati lile, mama..." Akashindwa kumalizia, kwa sababu wote wawili walijua habari za droo na chapati.

*

Alilala Makambako, na Jumatano saa tano na dakika arobaini alikuwa anateremka Ubaruku kelele zilipoanza kwenye ghala la Shigela.

Mnunuzi wa pumba alikuwa amefika na bambo lake, kile chuma chenye mfereji wanachochoma nacho gunia ili kuvuta kidogo na kuona kilichomo. Magunia kumi na mawili aliyachoma vizuri. La kumi na tatu, lililokuwa nyuma kabisa ukutani, bambo liligonga kitu kigumu. Akachoma upande wa pili, likagonga tena. Shigela mwenyewe akapiga kelele kwamba amewekewa uchawi, na watu wakajaa.

Sajini Asukile wa kituo kidogo cha polisi alikuwa ameshafika na kisu. Gunia lilikuwa na chapa nyeusi ya Shigela ubavuni. Asukile alikuwa anataka kukata mshono.

"Afande, usikate hapo!"

Alikuwa Ng'washi. Alikuwa amekuja tena kuuliza ripoti, maana kesho ndiyo Alhamisi. Alijipenyeza kati ya watu, akapiga magoti karibu na mdomo wa gunia. "Mshono uache. Kata tako."

"Kwa nini?"

"Wewe kata tako, nitakwambia."

Asukile akamtazama Tupokigwe, Tupokigwe akaitikia kwa kichwa. Gunia likageuzwa, likakatwa chini, pumba zikamwagika juu ya turubai, na ndani yake ukatoka mfuko wa nailoni. Ndani ya mfuko lilikuwamo daftari la mihtasari.

Ghala zima liliguna. "Shigela," alisema Asukile, "lete mikono."

"Mimi? Mimi ndiye nimemwita mnunuzi! Mimi niibe kitabu yenu halafu niiuze kwa mtu wa kuku?"

"Ghala lako, gunia lako, na kila mtu anajua hukitaki chama."

"Afande," alisema Ng'washi, bado amepiga magoti, "huu mshono si wetu." Akapitisha kidole juu ya uzi. "Mimi nimeshona hapa miaka minne. Sisi tunakwenda moja kwa moja, uzi wa bluu, tunafunga fundo nje. Hebu angalia mengine yote. Huyu amepiga mbili, ya tatu amerudi nyuma. Na mwisho hakuna fundo. Uzi ameuzungusha, ameuficha ndani. Mimi siwezi kushona hivi, hata Shigela hawezi kushika sindano."

Tupokigwe akakumbuka. Piga mbili, ya tatu rudi. Alikuwa amesimama hatua mbili kutoka kwa mzee, Jumatatu, macho wazi, akiwaza goti lake!

Alichukua daftari, akakaa juu ya mzani, akasoma. Kikao cha mwisho kilichoandikwa kilikuwa cha Mei. Baada yake kurasa zilikuwa nyeupe. Hapakuwa na kikao cha tarehe 7 Juni. Akarudi nyuma. Machi, agenda ya sita: mwenyekiti mwenyewe amejitolea kukagua vifuniko vya mikanda ya mashine zote. Kwenye ukurasa wa 141 ilikuwa imebandikwa ripoti ya ukaguzi ya tarehe 12 Aprili, imesainiwa na Sedekia. Namba tisa, mashine ya Shigela: *mashine ikifanya kazi, kifuniko cha mkanda kipo imara.*

"Shigela, mota yako ilirudi lini?"

"Nimeshakwambia, mayu. Tarehe ishirini. Fundi yupo, gari lililoibeba lipo."

"Na kabla ya ajali kuna mtu alikuja kukagua?"

"Mtu gani? Nililetewa tu karatasi kwamba niko salama. Nikaamini."

Tupokigwe alimnong'oneza Asukile kwa dakika moja. Pumba zikarudishwa ndani ya gunia, likasimamishwa, mshono wa zamani chini sakafuni, tako lililokatwa juu. Halafu wakatuma mtu kumwita mwenyekiti, aliyekuwa amerudi kutoka Mbeya asubuhi ile.

*

Mzee Sedekia aliingia saa saba na robo, Esnath nyuma yake. Watu wakampisha. Aliliona daftari mikononi mwa Tupokigwe, akamwona Shigela amekalishwa pembeni chini ya ulinzi, akatikisa kichwa kwa masikitiko.

"Shigela, mwanangu. Umetufanyia nini?"

"Tumelikuta ndani ya pumba zake, mzee," alisema Tupokigwe. "Afande analifunga gunia liende kituoni kama kielelezo."

Asukile alikuwa anashona. Alishona kama mtu anayefunga kamba za viatu gizani, uzi unalegea, midomo ya gunia inapishana, pumba zinachuruzika. Sedekia alitazama pembeni. Akatazama tena. Pumba zikamwagikia viatu vya Asukile.

"Aa, afande, hapana, hapana," alisema mzee, na mkono ukaenda wenyewe chini ya ukosi. "Litafunguka kabla ya kufika barabarani. Lete."

Akakunja midomo ya gunia, akabana kwa dole gumba, akaanza. Mbili, ya tatu akarudi. Mbili, ya tatu akarudi. Ghala lilikuwa kimya mpaka uzi ukasikika unavyopita. Alipofika katikati akahisi ukimya ule, akainua uso, akawakuta wote wanamtazama mikono.

"Usimalize, mzee," alisema Tupokigwe. "Ng'washi, wageuzie."

Ng'washi na Shigela wakalilaza gunia. Mishono miwili ikawa wazi, mmoja huku, mmoja kule, na hata mtoto angejua ni ya mkono mmoja. Sedekia alibaki na sindano hewani.

"Jumatatu uliniambia umebaki peke yako," alisema Tupokigwe. Alikuwa na hasira, na hakuificha. "Ulikuwa na ufunguo wa kabati. Wewe tu uliyeambiwa habari ya karatasi tupu za Ezekia. Ufunguo wa ghala hili uliuchukua kwenye ubao, ukaurudisha msumarini. Ukatuma pikipiki na karatasi iliyokunjwa. Ukalia mbele yangu, kesho yake ukapanda gari kunisukuma kwa bosi. Kwa nini, mzee? Chama ni chako!"

Sedekia alikaa juu ya pumba zilizomwagika. "Niliambiwa nizungukie mashine kumi na tatu," alisema. "Nilizungukia nne. Jua lilikuwa kali, na kila mahali wananipa kiti, wananipa chai. Tisa zilizobaki niliziandika nikiwa kwangu, barazani."

"Hii ikiwemo."

"Hii ikiwemo." Hakumwangalia Ng'washi. "Niliposikia ajali, nilikwenda hospitali na machungwa. Nilimwona. Halafu msuluhishi akaagiza ripoti iletwe Alhamisi. Ingesomwa mbele ya watu, Shigela angesema mota haikuwepo. Mimi mzee wa kanisa. Nikasema chama kikifa, kesi imekufa, daftari halitaitwa."

"Ungelichoma basi."

"Ukurasa wa kwanza ni mwandiko wangu, dada. Niliwasha kiberiti mara mbili, nikashindwa. Ghala hili lilikuwa halifunguliwi. Na hata kama lingefunguliwa, angelaumiwa anayekichukia chama."

"Ulikuwa uniache nifungwe?" Shigela aliuliza, na kwa mara ya kwanza sauti yake haikuvuka mlango.

Ng'washi alisogea mpaka mbele ya mzee. "Yale machungwa," alisema, "niliyamenya kwa meno." Asukile akamshika Sedekia mkono, akamwinua kwa heshima, wakatoka pamoja, na Esnath akawafuata analia.

Saa nane na dakika kumi Tupokigwe alimpigia bosi. "Maombi yakataliwe. Kikao hakikuwepo, barua ni ya kughushi, daftari ninalo." Bosi alianza kuuliza kama haiwezekani kulimaliza jambo hili kwa namna nyingine, naye akakata simu.

Nyuma yake Shigela alikuwa amerudiwa na sauti. "Sasa hii chama naifuta kweli! Mwenyekiti mwongo, katibu anasaini hewa, wanachama hawasomi! Naitisha kikao leo, na mara hii sahihi ya kwanza yangu!"

Tupokigwe alimtazama kwa uchovu wa siku tatu. Ubaya ni kwamba alikuwa na haki. "Itisha. Toa taarifa siku ishirini na moja kabla, kaeni, pigeni kura, andikeni kwenye daftari, mniletee. Nitakuja tena na goti langu kulisoma. Lakini kesho saa nne chama kiko hai, wewe ni mwanachama, na kifungu cha tisa kinakuhusu wewe na wenzako wote."

Shigela akageuka kulitazama gunia.

Gunia la kielelezo lilikuwa bado limelala, nusu limeshonwa, nusu wazi. Sindano ilikuwa imening'inia kwenye uzi pale mzee alipoiachia. Ng'washi akaiokota. Akapiga magoti, akajaribu kubana midomo ya gunia kwa kile kipande cha mkono wa kushoto, ikamponyoka. Akajaribu kwa goti, ikamponyoka tena. Akainua uso, akamtazama yule aliyemwajiri miaka minne.

"Shika hapa," alisema.

Shigela alichuchumaa na mwili wake wote mkubwa, akashika midomo ya gunia kwa vidole viwili kama mtu anayeogopa kuungua.

"Kaza, bosi. Na huku. Usilegeze mpaka nikuambie."

Akakaza. Ng'washi akaanza kushona, moja kwa moja, kwa mshono wao, huku anahesabu pindi za uzi kwa sauti ili afisa aandike kwenye hati ya kielelezo. Zilikuwa ishirini na sita, na Tupokigwe aliandika ishirini na sita.